Picha iliyosemwa imekuja na msafara wa Seyyid Barghash

Picha ililetwa ndani ya bahasha ya kaki, na bahasha imeviringishwa kwenye leso. Bibi aliyeileta anakaa Mji Mkongwe, Unguja, na kwa umri ni mama yangu na zaidi. Kazi yangu ni kuskani na kutengeneza picha za zamani, kwa hiyo baada ya shikamoo na marahaba alifungua leso juu ya meza, akaisukuma picha kwangu kwa vidole viwili.

"Hii, mwanangu, ndiyo hoteli aliyolala Seyyid Barghash alipokwenda Uingereza. Babu yake mama alikuwa kwenye msafara, akarudi nayo."

Alitaka nakala kubwa ya kutundika ukumbini, na chini yake maandishi: jina la hoteli, mji, na mwaka 1875, mwaka wa safari ya Seyyid Barghash, sultani wa Zanzibar. Jina la hoteli hakulijua, wala la mji. Alidhani mimi ningelitafuta tu, kisha nichape.

Nilimwomba wiki mbili. Maandishi yakishachapwa chini ya picha na kutiwa kioo, watoto wa nyumba ile watayasoma kwa miaka hamsini na hakuna atakayeuliza tena. Sikuweza kuandika mwaka kwa kuusikia tu, hata kama aliyeutaja namheshimu.

Picha yenyewe ni ya rangi ya kahawia, karibu sentimita 28 kwa 19, imebandikwa kwenye kadi nene. Inaonyesha ghuba. Kulia kuna bahari na mchanga mpana uliofunuliwa na maji kupwa. Katikati, juu ya mwamba, limesimama jengo kubwa mno, lenye minara ya kuba pembeni na msitu wa dohani juu ya paa. Kushoto kwake daraja refu la matao linavuka bonde. Mbali, upande wa kulia, rasi inaingia baharini na juu yake kuna gofu la ngome. Chini kabisa, karibu na mpiga picha, kuna mapaa ya jengo jingine na barabara ya kutembelea iliyo kando ya ukuta wa bahari, na watu wanatembea.

Pambizo ya chini imekatwa kwa mkasi, tena si sawasawa. Hilo liliniuma. Watengenezaji wakubwa wa picha za mandhari Uingereza walikuwa wakiandika chini ya picha, kwenye pembe, jina la mahali, namba, na alama yao: G.W.W. kwa George Washington Wilson wa Aberdeen, J.V. kwa Valentine wa Dundee, au jina la Frith. Daftari za namba za Valentine zipo mpaka leo katika maktaba ya Chuo Kikuu cha St Andrews. Mtu aliyetaka picha ienee kwenye albamu yake alikata kipande chenye upana wa kidole, akakata na jawabu lote. Nikabaki na kilichomo ndani ya picha.

Mjukuu wa yule bibi alikuwa ameshasema ni Brighton. Si dhana mbaya: Brighton ni mji wa pwani, na una Grand Hotel iliyofunguliwa 1864. Lakini hoteli ya Brighton imesimama sawa na barabara, kwenye ufuo usio na mwinuko wowote, na ufuo wenyewe ni wa kokoto. Hakuna bonde lenye daraja, wala rasi yenye ngome. Hapo nilijifunza kuacha kutafuta "hoteli kubwa ya zamani" na kutafuta mpangilio: hoteli juu ya mwamba, daraja la matao kushoto, ngome kulia, mchanga katikati. Hoteli zinazofanana zipo nyingi. Vitu vinne vilivyokaa kwa mpangilio huo havipo mahali pawili.

Mahali hapo ni Scarborough, pwani ya mashariki ya Yorkshire. Hoteli ni Grand Hotel, kazi ya msanifu Cuthbert Brodrick, yule yule aliyejenga Town Hall ya Leeds. Ilifunguliwa Julai 1867. Brodrick aliijenga kwa hesabu ya kalenda: minara minne kwa majira manne, ghorofa 12 kwa miezi, dohani 52 kwa wiki, vyumba vya kulala 365 kwa siku za mwaka. Ukiitazama kutoka juu ina umbo la herufi V, heshima kwa Malkia Victoria. Niliposoma habari za dohani nilirudi kwenye skani nikaanza kuzihesabu moja moja, lakini zinajifichana, na upande wa nyuma hauonekani, kwa hiyo hesabu haikufika mbali. Zile kuba, hata hivyo, hazina shaka. Zimevimba kama boga na juu zimebanwa, na nikiziweka kando ya picha za leo zinalingana mstari kwa mstari.

Daraja ni Spa Bridge, lililofunguliwa 1827: matao ya chuma juu ya nguzo za mawe. Ngome ni ya karne ya 12, na mnara wake ulipasuliwa na mizinga wakati wa mazingiwa ya 1645, ndiyo maana upande mmoja umebaki kama jino lililovunjika. Nilichukua ramani ya satelaiti, nikapima pembe kati ya hoteli na ngome kama inavyoonekana kwenye picha, nikapata sehemu aliyosimama mpiga picha: juu ya mwamba wa kusini, South Cliff, nyuma ya jengo la Spa, mahali pa maji ya chemchemi na muziki. Anatazama kaskazini. Bahari iko mashariki, kulia kwake, na ukuta wa hoteli unaotazama bahari ndio wenye mwanga. Basi ilikuwa asubuhi. Siwezi kueleza furaha ya kujua kwamba ni asubuhi. Mpaka pale picha ilikuwa kitu cha kahawia. Ghafla ikawa na jua.

Mahali pakajulikana kwa siku mbili. Mwaka ndio ulionila wiki nzima.

Kanuni ya kutafuta mwaka watu wa Unguja wanaijua bila kuambiwa. Chukua picha yoyote ya zamani ya Forodhani. Ukiona mnara wa saa umesimama peke yake mbele ya Beit el Ajaib, Jumba la Maajabu, picha ni ya kabla ya Agosti 27, 1896, siku manowari za Kiingereza zilipoyapiga majumba ya mfalme. Ukiona mnara umeunganishwa na uso wa Beit el Ajaib yenyewe, ni ya baada ya hapo. Na ukiona jengo zima limesimama salama, ni ya kabla ya Desemba 2020, sehemu kubwa ilipoporomoka. Kila kitu kilichojengwa kinasema "picha haiwezi kunitangulia", na kila kilichobomolewa kinasema "picha haiwezi kunichelewa". Kazi ni kuyasikiliza yote mawili mpaka yakutane.

Kwa Scarborough, hoteli yenyewe inasema 1867 au baadaye. Hilo peke yake halimpingi bibi. Seyyid Barghash alikwenda Uingereza majira ya joto ya 1875, akifuatana na Dk. John Kirk, konseli wa Kiingereza Unguja, na hoteli ilikuwa na umri wa miaka minane.

Nikashuka kwenye yale mapaa ya chini ya picha. Hili ndilo jengo la Spa, na historia yake ina kisu kikali cha kukatia miaka. Watu walianza kwenda Scarborough kunywa maji ya chemchemi tangu miaka ya 1620, Bi Farrer alipoyaona yakitiririka chini ya mwamba na kuacha rangi kwenye mawe. Karne ya 19 reli ilifika, 1845, na wageni wakawa maelfu. Ukumbi wa muziki wa Spa uliosanifiwa na Joseph Paxton ulifunguliwa 1858, ukateketea kwa moto Septemba 1876. Jengo jipya, la wasanifu Verity na Hunt, lilifunguliwa 1880, na ndilo lililopo hadi leo.

Niliweka sawia picha za kabla ya moto, picha za leo, na picha ya bibi. Nilifanya hivyo usiku mmoja, nikalala, nikarudia asubuhi, kwa sababu nilijua ninachokivunja. Mapaa ni ya jengo jipya. Picha hii haiwezi kuitangulia 1880. Mtu aliyesafiri na Seyyid Barghash mwaka 1875 asingeweza kurudi nayo, kwa kuwa jengo linaloonekana mbele ya picha lilikuwa halijachimbiwa msingi.

Baada ya hapo nilikosea, na kosa lenyewe naliandika kwa sababu kila anayefanya kazi hii atakutana nalo.

Scarborough ina magari ya kamba, mabehewa mawili yanayopanda na kushuka mwamba yakivutana. Ya kwanza, ya South Cliff, ilifunguliwa 1875, na ndiyo ya kwanza ya aina hiyo Uingereza. Nyingine, Central Tramway, ilifunguliwa 1881. Katika picha sikuiona hata moja. Nikajiambia: Spa mpya ni 1880, Central Tramway ni 1881, tramway haipo, kwa hiyo picha ni ya mwaka mmoja tu, baina ya kufunguliwa huku na kule. Niliandika hivyo kwenye daftari langu na kuzungushia duara. Ilikuwa nzuri kupita kiasi, na hilo lilitosha kunishtua, lakini halikunishtua.

Kilichonishtua ni ile ya 1875. Kama picha ni ya baada ya 1880, basi gari la South Cliff lilikuwapo tayari kwa miaka mitano. Mbona halionekani? Kwa sababu mpiga picha amesimama karibu nalo na kulipa mgongo. Sasa Central Tramway je? Nikarudi kwenye ramani. Iko upande wa kaskazini wa Grand Hotel. Mpiga picha yuko kusini. Hoteli yote, matofali yake karibu milioni sita, imekaa kati ya kamera na tramway. Hata kama ingekuwapo miaka ishirini, picha hii isingeionyesha.

Kitu kisichoonekana ni ushahidi pale tu ambapo, kingekuwapo, kingeonekana. Duara langu nililifuta kwa kifutio mpaka karatasi ikatoboka.

Nilichopaswa kutazama ni barabara ya ufukweni chini ya hoteli, Foreshore Road, ambayo kwenye picha iko wazi kabisa, hakuna kinachoikinga. Tremu za umeme za Scarborough zilianza Mei 1904, zikapita barabara hiyo na nguzo zake na nyaya zake, mpaka 1931. (Mwaka 1925 tremu moja ilirudi nyuma ikiteremka, ikatoboa paa la Aquarium na kuangukia ukumbi wa dansi.) Nilikuza sehemu ile mpaka chembe za karatasi zikaonekana. Kuna magari ya farasi. Hakuna nguzo hata moja. Hapa kutokuwapo kunahesabika. Picha haiwezi kuichelewa 1904.

Miaka ishirini na minne, basi: 1880 hadi 1904. Ningeweza kuishia hapo na ingekuwa kazi halali. Lakini kulikuwa na watu wanatembea.

Picha hii imechapwa kwa kugusanisha karatasi na negativu ya kioo ya ukubwa ule ule, haikukuzwa, na ndiyo maana ukiiskani vizuri inafunguka kama mlango. Watu wa barabara ya Spa, ambao kwa macho ni nukta, wakawa watu. Miguu yao haikufutika kwa mwendo. Mwanamume mmoja kisigino kimeinuka na kimeganda hewani. Kwa sahani za zamani za majimaji, za miaka ya 1860, anayetembea angebaki kivuli cha moshi. Sahani kavu za jelatini, zilizoenea kuanzia mwisho wa miaka ya 1870, ndizo zilizoweza kumkamata. Hilo linakubaliana na mapaa.

Halafu mikono ya magauni. Nilihesabu wanawake kumi na mmoja wanaoonekana vizuri. Saba kati yao mikono ya magauni imevimba kuanzia begani mpaka kiwikoni kama maputo, kisha inabana kufika kiganjani. Kiuno chembamba, sketi imepanuka chini kama kengele, na nyuma hakuna ule mto wa kuinua kiunoni uliovaliwa miaka ya 1880. Mtindo huu una umri mfupi sana. Mikono ilianza kuinuka begani mwanzoni mwa miaka ya 1890, ikafikia ukubwa wake wa mwisho kati ya 1894 na 1896, na kufika 1897 na 1898 ilikuwa imeshapungua hadi kipande kidogo begani.

Nguo si sawa na majengo. Jengo halivaliwi na dada mdogo baada ya miaka mitano. Mwanamke anaweza kuvaa gauni la zamani, kwa hiyo nguo inaniambia kwa uhakika mwaka ambao picha haiwezi kuutangulia, lakini mwisho wake inanong'ona tu. Hata hivyo hawa si watu waliotoka shambani na nguo ya kazi. Wamekuja kuonekana. Barabara ya Spa ilikuwa ya kulipia kiingilio, na watu walikwenda pale na nguo zao nzuri za msimu. Saba kati ya kumi na mmoja wenye mikono iliyovimba kabisa, na hakuna hata mmoja mwenye blauzi ya kumwagika mbele ya miaka ya 1900: hapo nakubali kusema 1894 hadi 1897.

Mchangani kuna safu ya vibanda vya magurudumu, vile ambavyo mwogaji aliingia na nguo, farasi akakivuta hadi majini, akashuka upande wa bahari bila kuonwa. Kwa kutafuta mwaka havikunisaidia, maana Scarborough imekuwa navyo tangu zamani mno. Mchoro wa John Setterington wa miaka ya 1730 unavyo tayari. Ila vinathibitisha msimu. Ni kiangazi, asubuhi, maji yamekupwa.

Mwisho nilitazama karatasi yenyewe, jambo ambalo kwa haki ningelianza nalo. Chini ya lenzi ya mkono hakuna nukta za uchapaji, kwa hiyo ni picha halisi, haikutoka mashine ya kitabu. Nyuzi za karatasi zinaonekana kupitia picha, na sehemu nyeupe zimegeuka manjano ya chai. Hiyo ni karatasi ya albumini: iliyopakwa ute wa yai na chumvi, ikatiwa fedha, ikachapwa juani. Ilitawala tangu miaka ya 1850, na watengenezaji wa picha za mandhari waliendelea kuiuza hadi miaka ya 1890, wakati wengine walikuwa wameshahamia karatasi za jelatini zenye tabaka jeupe linaloficha nyuzi. Mikono ya magauni na karatasi vinakutana karibu na mwisho wa maisha ya karatasi hiyo. Nilifurahi kwamba ushahidi huu haukutegemea macho yangu kutambua jengo wala gauni.

Bibi alikuja siku tuliyoagana. Nilimwekea kiti, nikafungua skani kwenye kioo cha kompyuta, nikamwonyesha kila kitu kwa mpangilio huu huu: mwamba, daraja, ngome, mapaa, nguzo zisizokuwapo, mikono. Sikumwambia jibu kwanza. Nilitaka alifikie mwenyewe, au akiona nimekosea anishike palepale.

Alipofika kwenye magauni akasema, "Marehemu bibi alikuwa na picha za Wazungu wa mikono hii. Wakati wa Seyyid Hamad, akisema." Yaani Seyyid Hamad bin Thuwaini, aliyetawala 1893 hadi 1896. Hakuwa amesoma kitabu chochote cha mitindo, na mwaka aliupata mara moja. Seyyid Barghash alifariki 1888. Wanawake hawa walipokuwa wakitembea kando ya ukuta ule, alikuwa kaburini miaka isiyopungua mitano.

Akanyamaza kidogo. "Basi babu hakurudi nayo."

Nilimwambia ninachoweza kusimama nacho. Babu yake mama kuwa kwenye msafara ni habari ambayo picha haiithibitishi wala haiikanushi. Mahali aliposafiri Seyyid ni swali la nyaraka, na picha hii haimo kwenye kesi hiyo. Inachokataa ni jambo moja: kwamba iliingia nyumbani 1875. Iliingia baada ya hapo, na iliyoiingiza ni mkono mwingine, labda wa mtu wa nyumba ile ile aliyeinunua au kupewa miaka ishirini baadaye. Hadithi ya msafara na picha ya hoteli zilikaa kasha moja muda mrefu, zikashikana.

"Lakini hoteli umeipata."

"Nimeipata, bibi. Na aliposimama aliyeipiga nimepapata."

Akataka kuona tena ile asubuhi, upande uliopigwa na jua. Nikamkuzia. Tukakaa nao wale watu dakika kadhaa, yule mwanamume na kisigino chake, na msichana aliyeshika kofia kwa sababu ya upepo.

Nakala ya ukumbini nimeichapa na maandishi haya: Scarborough, Uingereza, Grand Hotel na Spa, kiangazi, kati ya 1894 na 1897. Kwenye daftari ninaloliweka pamoja na skani nimeandika mipaka ile migumu pia, 1894 hadi 1904 kwa asiyekubali kunong'onezwa na nguo, na sababu ya kila mpaka, ili atakayeniona nimekosea ajue pa kushika. Nyuma ya kadi ya asili, kwa penseli laini isiyochoma karatasi, niliandika mahali na miaka, nikampa penseli bibi.

Aliandika kwa khati za Kiarabu, polepole, maneno manne: "Ilikuwa kashani kwa mama." Jina la Seyyid hakulitia.